Kaanguka peke yake uwanjani, hakuguswa na mtu. Mfupa wa goti umechubukaje?

#1 Mzawa wa Ilala
Wakuu, salaam.

Mdogo wangu ni winga, anacheza ndondo. Jumapili ya juzi alikuwa na mpira pembeni, akataka kukata kuingia ndani. Mguu wa kulia ukabaki chini, mwili ukageuka. Tukasikia "ko!" hadi sisi tuliokaa benchi. Beki alikuwa hatua kadhaa nyuma yake, hakumgusa. Goti likavimba kabla hata hatujapata bajaji.

Eksirei ikasema hakuna kilichovunjika. Ukoo ukachangishana, akapiga MRI. Ripoti inasema kano ya msalaba ya mbele, ile ACL ya wachambuzi wa mpira, imekatika yote. Hiyo nilishaitarajia. Kilichonishangaza ni mstari wa chini yake: mfupa wa paja umechubuka upande wa nje, na mfupa wa muundi nao umechubuka upande huohuo wa nje, kwa nyuma. Daktari kasema hiyo ya mfupa itapona yenyewe, tuhangaike na kano.

Nauliza mawili. Mfupa unachubukaje kwa ndani wakati hakuna aliyempiga wala hakuangukia goti? Na eksirei ilipitwaje na kitu kama hicho? Nawasilisha.

#2 Mpita Njia
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale.

#3 Kipa wa Zamani
Mlicheza na nani? Maana kuna timu kamati zao za ufundi zinajulikana mkoa mzima. Mtu anakimbia peke yake, goti linalia "ko", halafu unatafuta majibu kwenye mashine? Huyo kapigwa kipapai.

#4 Mzawa wa Ilala
Mkuu, ripoti haijaandika kipapai. Na tulishinda.

#5 Kipa wa Zamani
Ndiyo maana.

#6 Fizio wa Moshi
Pole kwa dogo. Hakuna aliyempiga kwa sababu mifupa yake imegongana yenyewe kwa yenyewe.

Kazi ya ile kano ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na usizunguke kupita kiasi chini ya paja. Inapokatika mtu akiwa kwenye mwendo, muundi unateleza mbele na kujizungusha kuelekea ndani. Hapo ukingo wa nyuma wa muundi, upande wa nje, unajikuta chini ya sehemu ya katikati ya ncha ya chini ya mfupa wa paja, mahali ambapo haukai kamwe kwenye goti zima. Uzito wote wa mwili unashukia pale. Wanagongana, kisha goti linarudi mahali pake.

Ndiyo maana kwenye picha alama mbili hazitazamani: ya paja iko katikati, ya muundi iko nyuma. Zirudishe kwenye mkao wa ile sekunde utaona zinakutana. Si jambo la ajabu. Wanaopigwa MRI mapema baada ya ACL kukatika, kama wanne kati ya watano wanakutwa na michubuko hii.

#7 Chumba cha Picha
Nijibu la eksirei, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Eksirei inaona ganda gumu la mfupa. Ganda likipasuka, mstari unaonekana. Ila chini ya ganda, karibu na kiungo, mfupa ni wavu wa vijiti vyembamba na uboho katikati. Mgongano huu unavunja vijiti hivyo huku ganda likibaki zima. Damu na maji vinavuja kwenye uboho. Hakuna mstari, kwa hiyo eksirei haina cha kuona. Huyo aliyesema hakuna kilichovunjika alisema kweli kwa picha aliyokuwa nayo mkononi.

MRI yenyewe inafuata maji. Kuna picha tunazipiga kwa kuzima mng'ao wa mafuta: uboho usioumia unakuwa mweusi, penye mchubuko panawaka peupe kama wingu, hapana kingo kali. Ukishaiona mara moja huisahau. Na si elimu ya kale: madaktari walianza kuiandika mwishoni mwa miaka ya 1980, MRI ilipoanza kutumika sana kwenye magoti. Kabla ya hapo mgonjwa aliyelalamika mfupa unauma aliambiwa mfupa wako mzima, nenda.

#8 Bint Mkwawa
Mkuu #7, basi asirudie hiyo MRI. Mionzi mingi inachoma uboho, nilisikia redioni.

#9 Chumba cha Picha
Dada yangu, MRI haina mionzi ya aina hiyo. Ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Zenye mionzi ni eksirei na CT. Kwenye MRI tatizo ni chuma mwilini, kelele za mashine na bei.

#10 Bint Mkwawa
Hapo kwenye bei umenigusa. Asante.

#11 Mama wa Netiboli
Nimemsoma #6 vizuri ila kuna kitu hakijakaa sawa. Unasema kano ilikatika KWANZA, ndipo mifupa ikagongana. Mimi nilipoumia nilikuwa natua chini na mpira, goti likaingia ndani, nikahisi kishindo kizito ndani ya goti na mlio kwa pamoja. Daktari wangu alinieleza kinyume: mgandamizo wa kutua ndio unaousukuma muundi mbele hadi kano ishindwe. Yaani mfupa ndio uliokata kano. Sasa nani mkweli?

#12 Fizio wa Moshi
Swali zuri, na walioandika vitabu nao wamegawanyika. Paa la muundi upande wa nje lina mteremko kuelekea nyuma. Ukitua kwa kishindo, paja linateleza nyuma kwenye mteremko huo, muundi unakwenda mbele, kano inavutwa. Kwa maelezo hayo mgandamizo umetangulia. Wengine wanasema alama iliyo nyuma kabisa ya muundi haiwezi kutokea muundi ukiwa bado umeshikwa na kano, kwa hiyo lazima kano iwe imeshakatika.

Waliochambua video za wachezaji wa mpira wa mikono na kikapu wanasema kano inakatika milisekunde 40 hivi baada ya mguu kugusa chini. Hapo "kwanza" na "baadaye" vinabanana sana.

#13 Konda Mstaafu
Mimi wangu ulikuwa tofauti. Nilikaa kiti cha mbele kwenye daladala, dereva akafunga breki, goti langu likaenda kwenye dashibodi. Kilichokatika ni kano ya msalaba ya NYUMA. Na mchubuko wa mfupa ulikuwa mbele ya muundi, palepale palipogonga. Mimi sihitaji milisekunde, nilimwona aliyenipiga: ni dashibodi.

#14 Chumba cha Picha
Umetoa mfano safi kuliko kitabu. Mchubuko ni alama ya njia ambayo nguvu ilipita. Muundi ukisukumwa nyuma na dashibodi, alama inakaa mbele ya muundi. Mtu akipigwa goti kwa nje, kano ya pembeni ya ndani inachanika na alama inabaki nje, alipopigwa. Goti likipinda kinyume, kwenda nyuma, mifupa inagongana kwa mbele na alama mbili zinakaa mbele, moja juu moja chini. Kile kifupa cha mbele ya goti, yaani pia, kikihama, unakuta alama kwenye pia upande wa ndani na kwenye paja upande wa nje. Mara nyingi nasoma alama kwanza ndipo naangalia kano ipi imeondoka.

#15 Raga Kakamega
Kwetu raga hiyo ya goti kupinda nyuma naijua sana. Jamaa alinikamata miguu nikiwa nimenyoosha mguu wa kushoto. Picha ilionyesha hivyohivyo, mbele juu na mbele chini. Lakini #14, kama alama inaeleza kila kitu, mbona daktari wa timu aliniambia huwezi kujua jinsi mtu alivyoumia kwa kuangalia michubuko peke yake?

#16 Chumba cha Picha
Sijasema kila kitu, ndugu yangu wa Kakamega. Inaeleza mifupa iligusana wapi. Kwamba ilifikaje pale, watu wanabishana kila mwaka.

#17 Kipa wa Zamani
Kwa hiyo bado nafasi ya kipapai ipo.

#18 Mzee Kandanda
Vijana mnajua mengi. Sisi tulicheza kabla ya hizo MRI zenu. Goti langu lilifanya vilevile, uwanja wa vumbi, nikageuka peke yangu. Nikapelekwa kwa mzee wa kuchua, maarufu sana, watu walitoka mbali kumfuata. Akaweka chumvi kwenye maji ya moto, akakanda kwa samli, halafu akashika kisigino akalivuta goti na kulizungusha. Nilizimia. Nilipozinduka akasema limeingia.

Uvimbe ulipungua nikarudi uwanjani msimu uleule. Goti likawa linaniacha. Natembea sawa, nikigeuka linachomoka, linavimba, linatulia. Sasa lina baridi, asubuhi siinuki kitandani bila kushika ukuta, na eksirei inaonyesha mifupa imekaribiana. Swali langu kwa #6: hii baridi imeletwa na ule mfupa uliochubuka siku ile, au na haya mengine yote?

#19 Fizio wa Moshi
Shikamoo mzee. Swali lako ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu.

Linalojulikana: miaka 10 hadi 20 baada ya ACL kukatika, karibu nusu ya watu wanakuwa na dalili za goti kusagika, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Sababu ndiyo inayogombaniwa. Wapo wanaosema ni kile kishindo cha siku ya kwanza. Mwaka 1998 kuna waliochukua vipande vidogo vya gegedu (ule utando laini unaofunika ncha ya mfupa) lililo juu ya mchubuko, wakakuta seli zake zimeharibika, na gegedu lenyewe limelainika au lina nyufa. Wapo wanaosema ni meniskasi, ile mito ya gegedu iliyo kati ya paja na muundi, kwa sababu aliyeondolewa meniskasi anasagika haraka zaidi. Wengine wanasema ni goti kuachia mara kwa mara, kila linapoachia mifupa inagongana upya. Kwako yote matatu yamepita.

#20 Mzee Kandanda
Marahaba. Kwa hiyo hamjui.

#21 Fizio wa Moshi
Kwa goti lako, mzee, hakuna anayeweza kutenganisha.

#22 Mdau wa Bima
Ndiyo maana wapasuliwe wote mapema kabla goti halijaanza kuachia. Mjadala umeisha.

#23 Mama wa Netiboli
Haujaisha. Kuna utafiti wa Uswidi uliotoka 2010, vijana 121 wanaocheza michezo. Nusu walipasuliwa mapema, nusu walianza na mazoezi tiba na upasuaji ukawekwa akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili hali zao zilikuwa sawasawa, na wengi wa kundi la pili hawakuhitaji kisu kabisa. Mimi sikupasuliwa. Nacheza, ila siyo mashindano.

#24 Mdau wa Bima
Uswidi wana fizio kila kona. Huku kijana anaambiwa "fanya mazoezi" kwa mdomo, anapewa karatasi yenye picha tatu za mtu kanyoosha mguu, anarudi nyumbani. Usiniletee ya Uswidi.

#25 Mama wa Netiboli
Hapo sikupingi.

#26 Mtoto wa Kirumba
Ongezeni na hili. Mimi niliumia, eksirei ikaonyesha kijipande chembamba cha mfupa kimebanduka pembeni ya muundi, upande wa nje, chini kidogo ya kiungo. Hospitali niliyokwenda (siitaji) waliniambia "ni kidogo sana, hakina shida", nikapewa dawa za maumivu na bandeji. Miezi ikapita. Daktari mwingine alipoiona picha ileile hakugusa hata goti langu, akasema "ACL yako imekatika." Ikawa kweli. Alijuaje?

#27 Chumba cha Picha
Hicho ni kijipande cha Segond. Kidogo kwa sura, ila ukikiona karibu kila mara ACL imeondoka. Chekesho ni kwamba eksirei ya bei poa inakionyesha vizuri, na MRI ya gharama mara nyingine inakipita.

#28 Bint Mkwawa
Segond ni yule Mfaransa aliyegundua kwa kutumia eksirei, siyo?

#29 Fizio wa Moshi
Mfaransa ndiyo, Paul Segond, daktari wa upasuaji. Eksirei hapana. Aliandika 1879, na Röntgen aligundua mionzi hiyo 1895. Segond alikuwa anazungusha magoti ya maiti kwa nguvu na kuangalia kinachobanduka.

#30 Bint Mkwawa
Kumbe kazi za kamati ya ufundi zilianzia Ufaransa 😂

#31 Raga Kakamega
Na kinachobandua hicho kijipande ni nini hasa? Kano ya msalaba iko katikati ya goti, kijipande kiko pembeni.

#32 Fizio wa Moshi
Mwaka 2013 Wabelgiji walieleza kano ya pembeni mbele, magazeti yakaandika "kano mpya yagunduliwa" na Wabelgiji wale wakasema ndiyo inayokivuta. Wengine wakasema ni ule mkanda mpana unaoshuka pembeni ya paja. Wengine, ni mfuko wa kiungo. Chagua upande wako.

#33 Muuguzi wa Zamu
Niongeze kitu cha chumba cha matibabu. Goti likijaa haraka, ndani ya saa mbili tatu, mara nyingi ni damu, na damu kwenye goti lililoteguka inaelekeza zaidi kwenye ACL. Kuna siku daktari alimtoa kijana damu kwa sindano, akaimimina kwenye kibakuli cha chuma tukaiacha pembeni. Baada ya muda ikaanza kung'aa juu: matone ya mafuta yanaelea, madogo na makubwa, kama supu ya makongoro ikipoa. Daktari akasema moja kwa moja, tafuteni ufa. Mafuta yale ni ya uboho, na uboho hauingii kwenye kiungo mpaka ganda la mfupa limepasuka. Kijana akapigwa CT, ufa ukaonekana kwenye paa la muundi. Eksirei ya kwanza haikuwa imeuonyesha.

#34 Mpita Njia
Umeniharibia makongoro maisha yangu yote.

#35 Kipa wa Zamani
Wakati ndiyo dawa yenyewe! Dogo anywe supu ya makongoro kila asubuhi, kano inajiunga. Mimi nilipona hivyo.

#36 Fizio wa Moshi
Ulikuwa umekatika kano gani?

#37 Kipa wa Zamani
Kidole.

#38 Mama Junior
Samahani kwa kuingilia. Mwanangu ana miaka 11, alianguka na baiskeli, goti likavimba vilevile. Nikajua ni ACL kwa jinsi mnavyoeleza. Daktari akasema kano ni nzima, kilichobanduka ni kipande cha mfupa inaposhikilia kano kule chini. Akafungwa hogo mguu ukiwa umenyooka. Je, ni kitu kimoja na hiki cha mleta uzi?

#39 Fizio wa Moshi
Ni ajali ileile, ila kwa mtoto mfupa bado laini na kano inaushinda nguvu. Badala ya kano kukatika inang'oka na mfupa wake. Inatokea zaidi kati ya miaka 8 na 14, na baiskeli ni chanzo chake mashuhuri. Kikiwa hakijahama, hogo linatosha. Kikinyanyuka sana kinarudishwa kwa uzi au skrubu. Muhimu akitoka kwenye hogo ahakikishwe goti linanyooka kabisa, wengi hubaki na kijipindo.

#40 Mama Junior
Mungu akubariki.

#41 Mtani wa Jangwani
Tukirudi kwenye mpira. Van Dijk wa Liverpool naye alianguka peke yake ile 2020, na alirudi akawa yuleyule. Dogo atarudi.

#42 Mtoto wa Kirumba
Peke yake wapi? Pickford, kipa wa Everton, alimvaa na miguu yote ndani ya boksi, Oktoba 2020. Hiyo ni mfano wa kuguswa.

#43 Mtani wa Jangwani
Nyie wa Msimbazi mnakumbuka majeraha ya watu kuliko makombe yenu.

#44 Mama wa Netiboli
Mbona hamtaji wanawake? Arsenal ya wanawake peke yake kabla ya Kombe la Dunia 2023 iliwapoteza Mead, Miedema na Williamson, wote ACL. Wanawake tunakatika mara mbili hadi nane zaidi ya wanaume, inategemea mchezo na anayehesabu. Wanasema nyonga pana, wanasema homoni, wanasema njia ya kano ndani ya mfupa ni nyembamba, wanasema viatu vimetengenezwa kwa miguu ya wanaume. Mimi nasema pia hatufundishwi kutua. Tangu shule ya msingi hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia nitue nimekunja magoti.

#45 Mzawa wa Ilala
Wakuu, mmenifungua sana. Tumerudi kwa daktari leo. Kasema upasuaji usubiri kwanza uvimbe uishe na goti linyooke. Ila kuhusu mfupa nimepata majibu mawili: yeye kasema dogo akanyage kadiri anavyoweza, fizio wa palepale kasema asikanyage kabisa wiki kadhaa, mfupa upumzike. Nimsikilize nani?

#46 Fizio wa Moshi
Kwa mchubuko wa kawaida wengi wanaruhusu kukanyaga kwa magongo, maumivu yawe kipimo, huku akinyoosha goti na kuamsha msuli wa mbele wa paja. Wapo wanaozuia, hasa mchubuko ukiwa mkubwa au ukigusa ganda chini ya gegedu. Muulize aliyesoma picha kama ganda limebonyea. Hilo ndilo linaloweza kubadili jibu.

Na asishangae maumivu ya ndani usiku. Mchubuko unachukua miezi kufifia, kwa wengine unaonekana kwenye MRI hata baada ya mwaka.

#47 Raga Kakamega
Mimi ule wa mbele uliniuma muda mrefu kuliko kano yenyewe. Daktari alisema ni mfupa, fizio akasema ni msuli wa paja uliolala, mke wangu akasema ni uvivu.

#48 Muuguzi wa Zamu
Mleta uzi, akipata homa, au goti likigoma kabisa kunyooka, au shavu la mguu likivimba na kuuma, msisubiri siku ya kliniki. Mwahi hospitali.

#49 Mdau wa Bima
Na akipasuliwa asidanganywe na makocha wa ndondo. Kuna utafiti wa 2016 wa Wanorwe na Wamarekani: kila mwezi uliosubiriwa kabla ya kurudi uwanjani, hadi kufika wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu.

#50 Kipa wa Zamani
Fainali ni lini?

#51 Mzawa wa Ilala
Mwezi ujao. Na usiniulize, hachezi.

Kuna mtu anajua magongo yanapatikana wapi kwa bei nafuu? Ya hospitali tumeambiwa yameisha.

#52 Konda Mstaafu
Ninayo ya aluminiamu, nipo Mbezi. Dogo ana urefu gani?

#53 Mzawa wa Ilala
Ananizidi kidogo, futi tano na inchi tisa hivi.

#54 Konda Mstaafu
Yanarekebishika. Raba moja ya chini imekwisha, nunua mpya duka la dawa kabla hajaanza kuyatumia, yatamwangusha kwenye marumaru. Nicheki inbox nikuelekeze.